Basi la Kijani Lenye Mapazia ya Maua

Mwalimu mstaafu, ambaye sisi wa benchi tunamwita Kamusi, alikunjua gazeti kwa kishindo, kahawa ya jirani yake ikamwagika.

"Sikilizeni dunia ilivyoharibika! Ile kambi ya ziwani, ya magari-nyumba, imetoa kanuni mpya za adabu. Wamechoshwa na wageni."

"Ile tuliyokwenda sisi mwezi jana?" akauliza Cheche, mchomelea vyuma.

"Hiyo hiyo."

"Wamefanya la maana! Watu wengine wakishapata gari lenye kitanda na jiko ndani, wanadhani wamenunua na ustaarabu."

Tukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Ni fundi wa kushona viti, wananiita Sindano, na nina tabia ya kucheka kabla sijajua kinachochekwa. Mke wangu ameikemea miaka kumi na saba, amechoka.

Niwaambie kabisa, gari-nyumba tunalo na sisi. Tulinunua basi dogo bovu, Cheche akachomelea vitanda, mimi nikashona magodoro na mapazia, Kamusi akatoa ushauri. Tukalipaka kijani. Na Ijumaa hii ilikuwa zamu yangu, nimpeleke mama mkwe akalale ziwani. Nilipoanza maisha, yule mama alinipa cherehani yake, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kitu pekee alichoniomba ni kuamka siku moja akafungua dirisha akaona maji. Mzigo ameshafunga tangu Jumapili.

"Kanuni ya kwanza," Kamusi akasoma. "Jenereta lizimwe saa tatu usiku."

"Safi kabisa," nikasema. "Kuna watu hawana haya!"

Cheche akakohoa. "Lile letu lilikuwa na sauti ya kawaida."

"Ya kawaida?" Mama Birika, anayetuuzia kahawa, akaacha kumimina. "Si wewe uliyesimulia hapa hapa kwamba mlikuwa mnaongea kwa ishara?"

"Nilikuwa nachaji simu, jamani."

"Simu ngapi?"

"Moja."

Kamusi akaendelea mbio mbio. "Ya pili, maji ya vyombo yamwagwe kwenye shimo lililotengwa. Ya tatu..."

"Ngoja, ngoja, Mwalimu! Mbona hiyo umeipitia kama unafukuzwa?" Cheche alikuwa amepata pumzi. "Nani alimwaga ndoo ya maji ya samaki mlangoni kwa wale wazee wawili jirani zetu?"

"Nilikuwa nawamwagilia maua yao."

"Yale ya plastiki?"

Kamusi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ya tatu. Usikatize eneo la jirani ukienda bombani."

Hapo tukatazamana wote watatu.

"Sisi tulikatiza kwa heshima," Cheche akajitetea. "Kila tukiwapita mezani tulisema, 'Mnakula? Haya, endeleeni.'"

"Mara ngapi?" Mama Birika akauliza.

"Inategemea chakula chenyewe kilichukua muda gani," Cheche akajibu.

"Ya nne," Kamusi akasoma, "ni marufuku kabisa kugonga mlango wa gari la jirani kabla ya saa mbili asubuhi kwa nia ya kumjulia hali."

Cheche akajipiga paja. "Loo! Huyo naye ni kiumbe gani?"

Mimi nikaanza kucheka, nikaacha katikati. Wakanigeukia wote.

"Sindano," Kamusi akasema taratibu. "Siku ile tuliamka tukakuta hupo kitandani."

"Bibi yangu alinilea hivyo!" nikapasuka. "Alisema kulala jirani na mtu usijue kaamkaje ni unyama. Nikaamka saa kumi na moja, nikavaa shati safi, nikapiga hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Milango kumi na minne."

"Yesu na Maria!" Mama Birika akashika kichwa.

"Sasa ningesalimia wengine nikawaruka wengine? Wangesema nabagua! Mmoja alitoka na kikaango mkononi akauliza moto uko wapi. Nikamwambia hakuna moto, kaka, ni salamu tu. Umelalaje? Akasema alikuwa bado hajamaliza kulala."

Walicheka mpaka benchi likalia. Kamusi peke yake alikuwa bado anasoma, kidole kikiwa chini ya ukurasa.

"Kuna mstari wa mwisho. 'Basi la kijani lenye mapazia ya maua halitapokelewa tena, mpaka aliyegonga milango afike mwenyewe kwa meneja kuomba radhi.'"

Yale maua niliyachagua mimi mwenyewe, meta nane za kitambaa.

"Mama mkwe anajua?" Mama Birika akauliza, safari hii kwa upole.

"Amenunua kofia."

Hakuna aliyecheka. Moyo uliniuma, sioni aibu kusema. Mama wa watu anajipima kofia kwenye kioo, na mkwe wake ndiye aliyemfungia lango.

"Piga simu basi, uombe radhi yaishe," Cheche akashauri.

"Simu? Kosa nimelifanya kwa miguu yangu, na radhi itakwenda kwa miguu yangu! Nitasimama mbele ya yule meneja, niseme mimi ndiye."

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," Kamusi akaafiki, akanipa mkono. Cheche akanipigapiga mgongoni. Mama Birika akaniongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea kijiweni pale. Nikajisikia mtu.

"Unakwenda lini?" Kamusi akauliza.

"Kesho hiyo hiyo. Si analala pale pale, chumba cha langoni? Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimeshapiga hodi. Radhi ya mchana inaonekana ya mtu asiye na uchungu."

Kamusi akakunja gazeti. Cheche akainuka, akakung'uta suruali. Mama Birika akakichukua kikombe changu kikiwa bado kimejaa.

"Sindano baba," akasema, "mwambie mama mkwe kofia airudishe dukani."