Uzinduzi wa Mashine ya Kupima Nani Anatawala Nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hajatokea na simu yake haipatikani nimejiteua kumwakilisha, na kwa hiyo najisalimia. Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mkurugenzi Mkuu, Mratibu, Msemaji na Kaimu Mshauri wa Idara ya Upangaji wa Utawala na Utii Majumbani kwa Mujibu wa Nyota. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuchunguza kwa nini kamati ndogo haikai. Mama yetu Msajili wa Ndoa, ninayekuona hapo mlangoni na mkoba wako wenye muhuri. Mafundi, wachuuzi, walimu, wauguzi, wapangaji na wenye nyumba. Wachumba mnaosubiri na wanandoa mnaovumilia. Na wewe mama watoto, uliyekaa kiti cha mbele kabisa ili unisikie vizuri: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajizingatie mwenyewe. (Makofi. Mama watoto anaweka mkoba wake magotini.)

Ndugu zangu, nyuma yangu mnaona pazia. Ni pazia jekundu, zito, lenye marinda, na nyuma ya pazia hilo, ukutani, ipo mashine ambayo leo inakwenda kumaliza ugomvi ulioanza siku mwanamume wa kwanza na mwanamke wa kwanza walipotazamana wakaulizana nani anazima taa. Mashine hii, kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa tu, bila damu, bila mkojo, bila maswali ya aibu, itamwambia kila mwenye uhusiano kama nyota yake ni ya kutawala au ya kutii, ili watu waache kubahatisha na waanze kuishi kwa mujibu wa fremuweki. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Iwashe kwanza.") Itawashwa, ndugu yangu, usiwe na pupa, kuna utaratibu.

Kabla ya idara yetu, hali majumbani ilikuwa ya kusikitisha. Stekholda wawili wa nyumba moja walikuwa wanaamka asubuhi bila rodimapu, huyu anasema chai, yule anasema uji, na hakuna mamlaka ya rufaa. Tafiti zetu zinaonesha kuwa asilimia mia moja na nne ya ugomvi wa nyumbani unatokana na watu wawili kutaka kusema neno la mwisho, na asilimia iliyobaki inatokana na shemeji. (Kicheko upande wa kinamama.) Ndipo sisi, kwa maono, kwa unyenyekevu na kwa akili nyingi ambazo si vizuri nizisifie mwenyewe, ingawa nikiacha sioni mwingine wa kuzisifia, tukaketi katika wokshopu na kuzipanga nyota zote kumi na mbili kwa mkabala wa kisayansi.

Sikilizeni matokeo. Simba anatawala, hilo halina mjadala. Nge anatawala ila hasemi, mtajua mkishachelewa. Mbuzi anatawala kwa ukaidi na Punda kwa kelele. Samaki ni mtiifu, Kaa ni mtiifu ila ananuna, Mashuke anatii huku anasahihisha. Ng'ombe hatawali wala hatii, anakula. Mapacha wanatawala asubuhi na kutii jioni, kwa hiyo tunashauri mambo mazito waulizwe saa za mchana. Ndoo anakubali kila kitu halafu anakwenda kusimulia kwa majirani. Mshale huwa hayupo nyumbani, hivyo swali halimhusu. Mizani bado hawajaamua, tumewaundia timu ya kuwasubiri. (Mzee mmoja anamtazama mkewe kwa muda mrefu. Mkewe anamwambia: "Tazama mbele.")

Na kwa kuwa kiongozi bora huanza na nyumba yake, niseme wazi kwamba mimi ni Simba na mama watoto ni Samaki, na nyumba yetu ni mradi wa mfano. Kwangu ninaamua mimi. Leo asubuhi, kwa mfano, niliamua mwenyewe, bila shinikizo lolote, kuvaa suti hii ya kijivu, ambayo mama watoto alikuwa ameshaitoa kabatini, akaipiga pasi, na ile ya bluu akamwazima kaka yake hadi wiki ijayo. Niliamua pia kutokunywa soda kabla ya kuhutubia, na uamuzi huo niliupokea kwa moyo mkunjufu. (Kicheko. Mama watoto anakohoa mara moja.) Nakwenda kwenye hoja inayofuata.

Hoja inayofuata ni mradi wetu wa majaribio, ambao ulifanikiwa kupita kiasi. Tuliwapima wakazi wote wa mtaa huu kwa kutumia tarehe zilizo kwenye vyeti vyao, na tukagundua jambo ambalo halijawahi kuonekana popote duniani: mtaa mzima umezaliwa tarehe moja Januari. (Minong'ono.) Baba, mama, watoto, bibi wa pale kona, wote tarehe moja Januari, wote Mbuzi, wote watawala. Wapo wakosoaji, na wakosoaji hawakosi, waliosema kwamba ni kwa sababu karani wa zamani wa vizazi, mtu akimwambia kuwa hakumbuki siku, alikuwa anaandika tarehe moja Januari apate kwenda kula. Sisi kama idara hatufanyi kazi kwa maneno ya mitaani. Tunafanya kazi kwa data, na data inasema mtaa huu hauna mtu hata mmoja wa kutii. (Sauti: "Hata wewe cheti chako ni tarehe moja Januari, tulisoma wote.") Mimi nilijipima upya kwa tathmini ya ndani. Tuendelee.

Ugunduzi huo ulitulazimu kuchukua hatua za haraka. Tulitoa waraka kwa mama Msajili kwamba, kuanzia siku hiyo, hakuna Mbuzi kuoana na Mbuzi mpaka mashine iwapime upya na kuamua nani kati yao atii. Waraka umetekelezwa kikamilifu. Tangu wakati huo hakuna hata ndoa moja iliyovunjika miongoni mwa waliozuiwa kuoana. (Makofi machache, yanakatika.)

Na hapa naomba niwatambue wawili hawa, safu ya tatu. Simameni, wanangu, watu wawaone. Dada huyu ni fundi cherehani wetu, kijana huyu ni mchumba wake, fundi rangi. Ndio wa kwanza kwenye foleni ya mashine. Harusi yao imeahirishwa mara mbili kwa mujibu wa waraka, na gauni la dada huyu, kama mnavyoona, limefumuliwa ubavuni na kuongezwa kitambaa mara mbili pia, kwa sababu ya sekta nyingine ambayo haikusubiri waraka. (Kicheko. Fundi cherehani hacheki. Amesimama ameshika kiuno.) Mna lolote la kuiambia idara?

(Fundi cherehani: "Tunaomba tuoane kabla mtoto hajafika. Nataka azaliwe amkute baba yake yuko nyumbani kwake, si mgeni anayekuja Jumapili na kuaga saa mbili. Baba yangu amesema bila ndoa hakuna kuhamia.")

Ombi limepokelewa, na limepokelewa vizuri. Nakuahidi, dada fundi, kwamba mashine ikishaanza kazi mtapimwa wa kwanza, majibu yatakwenda kwenye kamati, kamati itayarudisha kwa ufafanuzi, na kabla mtoto huyo hajaanza shule mtakuwa mmeshajua nani wa kumtii mwenzake. Kwa upande wa mtoto, idara inashauri ajitahidi kuzaliwa chini ya Samaki au Kaa, kwa kuwa tuna upungufu. (Fundi cherehani anakaa chini polepole. Fundi rangi anabaki amesimama kidogo, anatazama pazia, kisha anatazama viatu vyake.)

Ndugu zangu, ahadi zetu hazina ukomo. Katika awamu ya pili tutakuwa na mashine ndogo za mfukoni, ili kijana akimpenda msichana kituo cha basi ampime kabla hajamsalimia. Katika awamu ya tatu tutapima mabosi na makarani wao, wenye nyumba na wapangaji, kinyozi na mteja. Katika awamu ya nne tutaagiza watiifu kutoka nje. Uwezo tunao, nia tunayo, paradaimu imeshahama na sisi tumehama nayo, na mimi binafsi sijalala vizuri kwa ajili yenu, jambo ambalo mama watoto anaweza kulithibitisha, kwa kuwa usingizi wangu unamsumbua. (Mama watoto anainua mkono, anaonesha saa yake.) Naona muda unanidai. Nilikuwa karibu kuamua kufupisha.

Naomba sasa mnifuatishe. Nyota. (Wachache: "Nyota.") Nyota na utaratibu. ("Nyota na utaratibu.") Kila mtu na nafasi yake. (Mtoto mmoja peke yake: "Nafasi yake.") Asante, mwanangu, una nyota ya uongozi.

Sasa shukrani, maana mtu asiposhukuru mbele za watu ataambiwa ana dharau, na mimi sina dharau kwa yeyote, nitamshukuru kila aliyeshiriki, mmoja mmoja, bila kuficha. Namshukuru mwenye ukumbi. Namshukuru aliyetuazima spika. Kwa namna ya pekee namshukuru dada yetu fundi cherehani, aliyeshona pazia hili jekundu kwa mkono wake, bila kuuliza linafunika nini, kwa ahadi ya kubaki wa kwanza kwenye foleni. (Makofi.) Na namshukuru mchumba wake, fundi rangi, kwa mashine. (Minong'ono.) Ndiyo, kwa mashine. Vuteni pazia, msiwe na wasiwasi. (Pazia linavutwa. Ukuta mweupe. Juu yake imepakwa picha ya mashine kubwa ya kijivu, yenye vitufe, waya na taa nyekundu.) Tazameni kazi hiyo. Tazameni taa ile, ukiwa mbali unaapa inawaka. Huyu kijana ana kipaji.

Mashine yenyewe, kwa maana ya kitu cha kushikika, ilikuwa iagizwe baada ya uzinduzi, na uzinduzi ulikuwa ufanyike baada ya mashine kufika, na kwa kuwa viwili hivyo vilikuwa vinasubiriana kwa heshima, tukaona tusivisumbue. Kuagizwa, haikuagizwa. Kiwanda chake hakipo. Idara nayo iko katika hatua ya wazo, hatua ambayo ni muhimu sana, na mimi mpaka itakapoundwa naendelea na majukumu yangu ya kila siku katika stoo ya viti, ndiyo maana leo hakuna aliyekosa kiti.

(Mama Msajili, kutoka mlangoni: "Na ule waraka ulionizuia kuwafungisha watu ndoa, ulikuwa na muhuri wa nini?")

Wa stoo, mama. Lakini uligongwa mara tatu.

(Fundi cherehani anamgeukia mchumba wake na kumwuliza kwa sauti ya kawaida, ambayo watu wote wanaisikia: "Ulijua?" Fundi rangi: "Niliambiwa ni picha ya kushika nafasi, ya kweli inakuja. Nikaambiwa nikisema, tunatolewa kwenye foleni." Fundi cherehani: "Kwa hiyo miezi yote hii tumekuwa tunausubiri ukuta ulioupaka wewe." Fundi rangi: "Ndiyo." Fundi cherehani: "Na mimi nikaushonea pazia." Anajifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na walio karibu hawajui wamletee maji au wamwache. Akiondoa viganja, macho yamelowa na anacheka.)

Dada fundi, naomba utulivu. Jambo hili litaundiwa...

(Fundi cherehani: "Mama Msajili, muhuri wako wewe ni wa ndoa kweli?" Msajili: "Wa ndoa, mwanangu. Miaka yote." Fundi cherehani: "Fungua mkoba. Na baba yangu yupo safu ya tano, mwulizeni kama ana neno." Mzee wa safu ya tano: "Sina neno. Mimi nilitaka ndoa, nyota ni mambo yenu." Fundi rangi: "Leo, mpenzi? Nina rangi kwenye kucha." Fundi cherehani: "Leo. Au unataka upimwe kwanza?" Fundi rangi: "Hapana. Niambie tu nisimame wapi.")

Ndugu zangu, tukio linaloendelea halimo kwenye ratiba. Watu wanahama viti. Kuna kinamama wanapiga vigelegele kabla ya kibali. Hawa wawili wanakwenda kuoana bila kujua nani anamtawala nani, na nawatahadharisha... (Mama watoto amesimama. Anapanda ngazi za jukwaa, anazikunja karatasi za hotuba na kuzitia mkobani. "Baba watoto, shuka. Wanahitaji hilo jukwaa.") Mama watoto, nilikuwa na kurasa nne. ("Najua. Ndizo nilizokwambia uziache nyumbani.")

Basi ndugu zangu, kwa niaba ya idara isiyokuwepo, nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa mashine isiyokuwepo. Dada fundi, pazia ni lako, ukiligeuza upande wa ndani linatosha mapazia ya chumba kizima. Kijana, picha iache ukutani, inapendeza. Mama Msajili, muhuri wa stoo samahani. Viti tu ndivyo vilivyokuwepo tangu mwanzo; mkimaliza furaha yenu naomba mvipange vizuri, kwa kuwa kesho nitaulizwa mimi. Naishia hapa, na ieleweke kwamba nimeamua mwenyewe.

(Anashuka. Mama watoto amemshika mkono, maana ngazi ya mwisho huwa haioni.)