Kompyuta ya Tangi Inajifanya Mgeni

Ziwa la Ng'ombe,
Jumanne.

Kwa Bi Mwanasaumu, Mwenyekiti wa Kamati ya Tangi la Maji,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, nawe umeoga, maana sisi wengine wiki hii hatukujaliwa.

Mimi ni Maxwell Kiponda, niliyekabidhiwa kompyuta ya tangi. Nasikia Jumamosi kamati itakaa kuamua kama nifukuzwe, kwa kuwa maji hufunguliwa alfajiri na watu hawapati ujumbe wa simu. Kwa heshima zote, naomba ifukuzwe kompyuta. Makosa yake ni haya:

1. Ni mnafiki. Nikiiendesha skripti, yale maagizo ya kutuma ujumbe, kwa mkono wangu, mchana, nawe umesimama hapo unatazama, ujumbe unafika kila nyumba. Ikiachiwa iiendeshe yenyewe alfajiri kwa ratiba, inasema haijui orodha ya simu iko wapi, wala nywila ya kutuma ujumbe.

2. Inadai haikuambiwa. Uongo mtupu! Vigezo vyote hivyo vya mazingira, yaani orodha iko wapi na nywila ni ipi, nimeviandika, tena kwa herufi kubwa, katika faili langu mwenyewe, lile linalosomwa nikiingia mimi kwenye kompyuta kwa jina langu. Ati ratiba haipitii humo. Kwani nani kaizuia? Kuuliza si ujinga, mbona haikuuliza?

3. Haina adabu. Malalamiko yake hainiletei. Huyatia katika kisanduku cha barua kilicho humo humo ndani yake, ambacho hakuna aliyewahi kukifungua.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Tukikubali kwamba asiyeambiwa hana kosa, tumekwisha. Kesho Mama Kai atasema hakuambiwa kwamba maji ni kwa zamu. Kesho kutwa watu watataka kuambiwa pampu mpya ilikwenda wapi! Kamati gani itasimama, mama, ikiwa kila mtu lazima aambiwe?

5. Kwa hivyo ipewe barua ya onyo, isomwe mbele ya watu pale tangini, kisha ihamishiwe Changamwe ikajifunze kuishi na watu. Na iandikwe katika kanuni zetu: kutojua si udhuru, kwa mashine wala kwa mja.

Nisalimie wanakamati wote, na Mzee Erastus, tunauombea mguu wake, na akina mama wa foleni, hata wale walionitukana.

Wako mtiifu,
Maxwell Kiponda

Tanbihi: Jamani! Nimeambiwa sasa hivi kwamba kikao hakikungoja Jumamosi. Kilifanyika juzi, na kazi sina. Ati kilitangazwa matangani kule Mkomani, kila mtu akasikia. Mama, mimi sikuwa matangani, hata marehemu simjui! Mtu atahukumiwaje kwa neno lililosemwa mahali asipopita? Jioni hii nimeiandikia kompyuta vigezo vyake juu kabisa ya ratiba yenyewe, pale inaposoma, nayo imetuma ujumbe yenyewe, kwa ratiba, bila kunung'unika. Haikuwa na kiburi. Haikuambiwa tu. Nami pia, mama.