Kofia ya Hariri Getini Ascot

Siku ya pili ya mbio za farasi za Ascot, kule Uingereza, Lionel Prewett alimwona Desmond Clegg akirudishwa getini, kichwa wazi na hana beji, akajua Mungu kamletea riziki.

Watu kama Clegg nawajua. Wanasema wamekuja kutazama farasi. Muulize mmoja farasi gani kashinda, atakutolea macho. Wamekuja kuingia Uzio wa Kifalme, wanakokaa wakubwa, basi. Na humo mwanamume haingii bila kofia ndefu kichwani na beji yenye jina lake, na beji hupewi mpaka mkongwe wa humo akudhamini. Clegg alikuwa muuza magodoro kutoka Leeds. Nani amdhamini?

"Pole, mzee," Lionel akamwambia kwa sauti ya puani. "Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa sita. Mke wangu kaapa, nisipoingia leo nisirudi nyumbani."

Lionel akachomoa beji ya marehemu fulani. "Kuanzia sasa wewe ni Kanali Fanshawe. Kohoa kidogo, na usimchekee mtu."

Clegg akatoa bahasha nono, kisha akasita. "Kanali kichwa wazi? Si watanitimua tena? Niazime kofia yako dakika tano. Nikishapita nakurushia juu ya uzio."

Kofia ile ndefu ilikuwa hariri ya kale. Kofia za namna hiyo ziliacha kutengenezwa zamani, bei yake unapata gari, na mtu huipata kwa kurithi au kwa kuiba. Lionel hakuwa na babu wa maana. Kofia hiyo ndiyo iliyomfanya mheshimiwa. Bila hiyo alikuwa kinyozi wa Slough aliyefukuzwa kazi.

Lakini bahasha ilikuwa nono jamani! Tamaa mbele, mauti nyuma. Akaivua.

Clegg akapita anakohoa, bawabu akamwinamia. Lionel akafungua bahasha: noti moja juu, chini tiketi za kamari za jana, zote zimeliwa. Akakimbilia getini na beji yake mkononi.

"Kofia iko wapi, bwana?" bawabu akauliza.

"Nimeibiwa! Yule si Kanali, ni tapeli! Beji ile ni ya marehemu!"

"Ala! Na wewe umejuaje?"

Lionel akairudisha beji yake mfukoni.

Wakati huo magari ya farasi ya mfalme yakaingia, wanaume wote wakavua kofia. Clegg akaivua hariri taratibu, kwa adabu zote, utadhani kafundishwa na babu yake. Lionel naye, kwa mazoea, akapeleka mkono kichwani. Akashika upara.