Ukuta wa Matundu Elfu Kumi

Ulimi, tapeli wa mjini, alipomsikia mwenye hoteli akilalamika kwamba jengo lake jipya halimgeuzi mtu shingo, alijua riziki imemfuata hadi kwenye kiti cha kinyozi. Akageuka, kichwa kimenyolewa nusu, akaahidi kumjengea ukuta uliopinda, wa mabati yenye matundu makubwa kwa madogo, yote kwa pamoja yakichora uso wa mwenye hoteli mwenyewe, ghorofa tatu kwenda juu. Mwenye hoteli akajishika kidevu. Kidevu kile, jamani, kilikuwa kimesubiri miaka kupewa ukuta.

Ulimi hakujua hata kupigilia msumari. Mjuzi alikuwa dada yake, mchoraji wa karakana ya mabati. Kwenye kompyuta aliukunja ukuta atakavyo. Akiingiza picha, matundu yanajipanua penye kivuli na kusinyaa penye mwanga. Ulimi alimwahidi jina lake litakaa kwenye ramani, hatimaye watu wamjue. Kazi ilipopatikana, akalifuta, akaandika lake.

"We toboa ovyo ovyo tu, dada, tumalize haraka," akamwambia. "Nitamdanganya kwamba bati likizoea jua, uso utajitokeza. Likizoea jua, mimi niko mbali."

"Kwa hiyo kaka, kazi hii ni yako peke yako?"

"Yangu peke yangu."

"Haya," dada akajibu, kwa upole ambao mwenye akili angeukimbia.

Siku ya kukabidhi, Ulimi aliukagua ukuta pua ikikaribia kugusa bati, akaona matundu matupu, akaridhika. Ndilo kosa la mtu asiyeijua kazi anayoiuza: ukuta wa namna ile hutazamwa kwa mbali. Alikuwa katikati ya hotuba ya jua na bati, mwenye hoteli kashika bahasha ya malipo, kikasikika kicheko ng'ambo ya barabara. Mwenye hoteli akavuka kwenda kuona, akainua macho. Ghorofa tatu za uso wa Ulimi zilikuwa zinamchekea, pengo la jino upana wa mlango.

"Ndiye huyo aliyeniuzia jokofu lisilo na mashine," mama mmoja akasema.

Ulimi alitimua mbio bila bahasha. Dada akapewa kazi ya mabati mapya, picha nyingine, na jina lake kwenye ramani. Ila mwenye hoteli aliagiza ya zamani yasishushwe mpaka mji mzima umemkariri yule bwana.

Mwezi uliofuata Ulimi alirudi kinyemela, kofia hadi kwenye nyusi, akaanza kumpigia muuza ndizi hadithi ya kiwanja cha bei poa. Muuza ndizi akamtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena. Kisha akarudi nyuma hatua kumi, amwone vizuri.