Tochi Inayomulika Mbali Zaidi

Wananchi wa Kamwaro, upande wa Mukurweini, wanajulishwa kwamba tatizo la giza limepatiwa kamati.

Mimi ndiye karani wa kamati hiyo, kwa hivyo nasema jambo ninalolijua. Mama Watiri aliteleza kwenye njia ya mtoni alfajiri akipeleka maziwa, akamwaga mkebe mzima. Gari la maziwa halingoji mtu, na ng'ombe ni mmoja. Alipokuja kuomba tochi, Bwana Theuri, mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa, alimweleza kwamba tochi hainunuliwi ovyo. Hulinganishwa kwanza.

Tukaletewa tochi tatu za kiaskari kutoka Nyeri mjini. Vigezo vilikuwa umbali wa mwanga na urahisi wa matumizi. Majaribio yalifanyika saa tano asubuhi, kwa sababu giza huingia baada ya saa za kazi na halina marupurupu. Jua lilikuwa kali. Madam Gaudencia wa ununuzi alisimama mbali barabarani, mkono juu, aushushe mwanga ukimfikia. Alisimama hapo mpaka mkono ukafa ganzi.

Tukahamia ukumbini, tukaziba madirisha kwa magunia. Huko tochi zote tatu zilifika ukutani, tukapongezana. Kwa kuwa ukuta ulikataa kutoa mshindi, mwenyekiti alisoma maboksi. Boksi la ile nyeusi lilisema kilomita moja, na boksi halina sababu ya kudanganya kamati.

Ukaja urahisi wa matumizi. Ile nyeusi ukiibonyeza mara moja inawaka, mara mbili inafifia, na ukishikilia kitufe inawaka na kuzima kama ambulensi. Mwenyekiti alishikilia. Haikukubali kuacha, tukaifunga ndani ya koti lake, nami nikaandika: rahisi kuwasha.

Mama Watiri aliitwa atoe maoni ya mtumiaji. Aliipima uzito mkononi, akauliza kama inaingia mdomoni.

"Mdomoni kufanya nini, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mkebe uko mgongoni, ukanda uko kichwani, mikono imeshika ukanda. Tochi tunashika na meno. Hii si itaning'oa meno? Mimi nataka kadogo tu, nione mguu unakanyaga wapi."

Alielezwa kwa upole kwamba mguu uko karibu mno, hauwezi kuhesabiwa kama umbali. Kamati inaangalia mbali. Ile nyeusi ikanunuliwa, akakabidhiwa awatangulie akina mama wenzake, tukapiga picha.

Kwa kuwa haikuingia mdomoni, Watiri aliifunga kwenye ukanda, juu ya kipaji cha uso. Asubuhi iliyofuata haikumulika miguu hata kidogo. Alishuka akipapasa kwa vidole vya miguu, na wenzake nyuma yake wakimshika nguo. Walipofika kwenye kona, mwanga ulivuka mto na kutua ng'ambo, juu ya mtu aliyevaa pajama na gambuti. Kwa mkono mmoja alishika mkebe wa maziwa. Kwa mkono wa pili alishika jagi la maji ya mto, na alikuwa anayamimina mkebeni.

Alikuwa Bwana Theuri. Watiri, kwa heshima, alitaka kuzima haraka, akashikilia kitufe. Tochi ikaanza ile ya ambulensi, hata wa mwisho kwenye mstari wakaona.

Mwenyekiti ameieleza kamati kwamba alikuwa anaosha mkebe, na maziwa yalikuwa ndani kwa bahati mbaya. Kamati imeridhika. Imegundua pia kwamba mwanga wa mbali hudhuru macho ya watu walio ng'ambo. Kabla ya saa sita mchana kila mama alikuwa na tochi ndogo, nyembamba kama kalamu, kutoka mfukoni mwa mwenyekiti mwenyewe.

Watiri aliiuma yake, akainama, akaona vidole vyake vyote. Akatingisha kichwa kukubali.

"Sasa ile nyeusi urudishe ofisini, mama," mwenyekiti akasema, mkono ameshaunyoosha.

"Tutarudisha, mwenyekiti," Watiri alimjibu, akiitia kwenye kiondo. "Lakini bado tunalinganisha."