Kalipa Mbili za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Mke wangu bado ananiita "mume wangu" kwa sauti ileile ya siku ya harusi. Siku ya posa nilimwambia baba yake kwamba mimi ni fundi magari. Nauza madaftari. Mke wangu anajua. Leo mzee ameleta gari: breki za mbele zinang'ang'ania. Ijumaa anakwenda nalo kliniki ya macho. Akasema haoni sababu ya kusumbua watu wa nje wakati ana mkwe. Nikasema kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi
Nimezifungua kalipa zote mbili, vile vyuma vinavyobana diski gurudumu lisimame. Pistoni zina kutu. Mke wangu alikaa juu ya ndoo, akisifia mikono yangu. Nimezisugua, nimebadilisha mipira, nimezipaka rangi nyekundu. Zikatoka kama mapacha. Ya kulia ipi, ya kushoto ipi? Sikuuliza mtu. Iliyong'aa zaidi nikaifunga upande anaokaa mke wangu. Moyo uliniambia ndiyo yenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Pedali inazama mpaka chini. Breki zimeingia upepo. Mke wangu akanyage, mimi nifungue kiskurubu cha kutolea upepo. Saa tatu nzima. Kila nikiinua kichwa namwona dirishani, nasahau nilichokuwa nafungua. Jirani yetu Spana, fundi kweli, aliyewahi kumposa mke wangu akakataliwa, alichungulia juu ya ukuta. Akauliza mbona viskurubu vinatazama chini. Nikamjibu ni mtindo mpya. Nikakanyaga mara ishirini mfululizo, pedali ikawa ngumu. Nikatangaza gari limepona.

Ijumaa, 7 Machi
Naona aibu hata kuandika. Mzee aliwasha, akasogea, akakanyaga. Pedali ikazama. Gari likaenda taratibu, kwa adabu, likagonga ukuta wa Spana. Hakuna aliyeumia. Spana akainama, akasema kwa upole ulioniua kwamba shemeji kafunga ya kulia kushoto. Upepo hupanda juu, na tundu la kuutolea liko chini. Alizibadilisha kabla chai haijapoa. Baba mkwe akaniuliza kama hata mkono wangu wa kushoto naujua ni upi. Akanitazama kwa yale macho yake mabovu. Laiti yangekuwa mabovu zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu alinishika mkono, akasema twende nikamwambie baba ukweli, hatapunguza kunipenda. Nani mwingine ana mke kama huyu? Tukaenda. Nilishafungua mdomo. Mzee akaniwahi: mwanangu, ya breki yamepita. Tatizo sasa ni pampu ya maji ya nyumbani, imekufa, atamwita Spana.
Nikajikuta nikisema baba, usimsumbue, pampu ndiyo fani yangu hasa, magari nilikuwa napitia tu.
Ipo mezani kwetu, vipande kumi na saba. Mke wangu ameniuliza kama nimewahi kuona pampu kwa ndani. Nimemwambia naiona sasa.