Mtambo Hauzimwi Mkubwa Akiwa Ndani

Ijumaa ya pili ya Desemba 1987, Idara ya Uzio na Mageti ya Taifa, Canberra, iliwatangazia watumishi wake tukio la kihistoria: saa tisa alasiri, kompyuta kuu itazimwa. Tangazo lilikuwa na kurasa kumi na nne, na kila mtumishi alilitia sahihi bila kulisoma, kama utaratibu unavyotaka.

Noelene Krantz, mwendeshaji wa mtambo huo, alihitaji mstari mmoja tu. Unaandika amri, unataja dakika, unaongeza onyo. Onyo linatokea kwenye skrini zote arobaini, watu wanahifadhi kazi zao, wanatoka kwenye kompyuta, mtambo unalala. Ukichomoa waya ghafla, mafaili yanavurugika. Na diski ilikwishaanza kulia kama geti lisilotiwa mafuta. Humo mlikuwa na rekodi za likizo za idara nzima, ikiwemo miezi mitatu ambayo Noelene aliitolea jasho miaka kumi, na ambayo ingeanza Jumatatu. Nakala ya akiba ilikuwa bado inajadiliwa na kamati.

Saa tisa kasoro dakika kumi aliandika: "Mtambo unazimwa baada ya dakika kumi. Tokeni."

Hakutoka mtu.

"Wana nini hawa?" aliuliza Dragan, fundi aliyetoka Sydney na diski mpya, akiwa ameipakata kama mtoto mchanga.

"Bosi hajatoka. Hapa mdogo hamtangulii mkubwa kutoka."

"Mwambie atoke basi."

"Hajatoka tangu Machi 1984."

Hilo lilikuwa na mantiki yake. Idara ilihesabu mahudhurio kwa orodha ya walio ndani ya kompyuta, na Mkurugenzi Mkuu, Desmond Farquhar, aliingia siku moja akaona hapana haja ya kurudia. Alitunukiwa nishani ya bidii mara tatu mfululizo, kwani hakukosa kazini hata siku ya Krismasi. Kifungu cha tisa cha itifaki yake kilikataza mtambo kuzimwa mkubwa akiwa ndani, hivyo haukuzimwa.

"Dada, chomoa waya twende zetu," alisema Dragan.

"Thubutu! Na likizo yangu uichomoe? Dada yangu keshafunga karavani nyuma ya gari!"

Alipiga simu ghorofa ya tano.

"Bosi, naomba utoke."

"Nitoke? Noelene, nikitoka mimi, ndani atabaki nani?"

"Hatabaki mtu, bosi. Ndiyo kuzima kwenyewe."

"Ahirisha. Fuata itifaki."

"Yote, bosi?"

"Neno kwa neno! Niliiandika mimi."

Noelene ni mtu wa kutii. Aliahirisha, kisha akafuata kifungu cha kumi na moja, ambacho Farquhar alikitunga ili kuwaaibisha makarani wazembe. Skrini zote arobaini, na ile ya ofisi ya Waziri, zikaandika: "Kuzima kumeahirishwa. Anayekwamisha: D. Farquhar. Mara ya mwisho kugusa kibonye: miaka mitatu na miezi tisa iliyopita."

Kicheko kilianzia ghorofa ya kwanza, kikapanda ngazi. Simu ya Waziri ilikitangulia kufika.

Farquhar aliteremka mbio, tai begani. "Nitoe! Nitoe sasa hivi!"

"Unatoka mwenyewe, bosi. Kwenye kibodi yako."

"Kibodi ni ipi?"

Walipanda pamoja. Ilikuwa chini ya chungu cha maua. Noelene aliifuta udongo, akamwonyesha herufi moja moja, naye akazibonyeza kwa kidole kimoja, kwa uchungu wa mtu anayetia sahihi wosia. Alipotoka yeye, wakatoka wote kwa mpangilio wa vyeo. Noelene akarudi chini, akaandika mstari wake mmoja, na mtambo ukalala usingizi mnono.

Saa kumi na moja diski mpya ilikuwa imewekwa na mafaili yamehamishwa salama. Noelene alifungua rekodi yake ya likizo kwanza: miezi mitatu, kamili. Karibu alie.

Farquhar alikuwa mlangoni. "Mtambo unaniuliza neno la siri. Neno gani?"

"Ulilochagua mwaka 1984, bosi."

"Nani alikumbuke hilo! Nipe jipya."

"Kifungu cha kumi na tatu. Natoa kwa idhini ya Mkurugenzi Mkuu."

"Nimeidhinisha!"

"Idhini inatolewa akiwa ndani ya mtambo."

"Kaimu wangu aidhinishe, basi!"

"Huna kaimu, bosi. Ulisema hutoki." Alitwaa mkoba wake. "Tuonane Machi."

Jumatatu saa tatu asubuhi kompyuta ilihesabu walio ndani, ikakosa mmoja. Ilitangaza kwenye skrini zote arobaini kwamba Desmond Farquhar ni mtoro kazini. Watumishi walitakiwa kulitia sahihi tangazo hilo, na safari hii kila mmoja alilisoma kwanza, wengine mara mbili.